Babu alimshtaki bibi kwa lipi hasa? Kusoma migogoro ya ndoa katika nyaraka za zamani

Mtu anayefuatilia ukoo wake huanza na majina na tarehe: nani kazaliwa lini, kamwoa nani, kazikwa wapi. Akizidi kuchimba, ipo siku atakutana na jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kumsimulia: shauri la mahakamani, mume upande mmoja na mkewe upande wa pili. Papo hapo hukumu inatoka, na aliyeitoa si hakimu. Babu wa babu alikuwa katili. Au mkewe alikuwa mhuni. Si jalada limesema?

Jalada lisomwe taratibu. Mahakama, iwe ya kanisa au ya serikali, huandika sehemu ile tu ya ugomvi ambayo sheria ya wakati huo ina dawa yake. Watu wawili wanaweza kuwa wamevutana miaka kumi juu ya fedha, ulevi na mama mkwe, lakini kama sheria inasikiliza uzinzi na ukatili peke yake, kitakachoandikwa ni uzinzi na ukatili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza walitendeana nini, inabidi kuuliza: mwaka ule, mtu aliyechoshwa na ndoa yake aliruhusiwa kusema nini mbele ya hakimu?

Mifano yangu mingi ni ya Uingereza, kwa sababu mahakama zake za kanisa zimeacha makaratasi mengi mno na sehemu kubwa iko wazi kwa yeyote. Namna ya kuyasoma ni ileile kwingineko.

Anza na mwaka, si na jina

Hadi mwisho wa 1857, ndoa nchini Uingereza, ukiiacha Uskoti yenye sheria zake, ilikuwa chini ya mahakama za kanisa. Kila dayosisi ilikuwa na mahakama ya askofu, na rufaa zilipanda hadi kwa askofu mkuu wa York au wa Canterbury. Mahakama hizo hazikuwa na talaka kama tunavyoijua leo. Zilichoweza kutoa ni utengano wa meza na kitanda: wawili wanaruhusiwa kuishi mbalimbali, lakini ndoa iko palepale, na hakuna atakayeoa au kuolewa tena mpaka mwenzake afe. Sababu zilizokubalika zilikuwa mbili, uzinzi na ukatili. Kulikuwa pia na kubatilisha ndoa, kwa mfano kwa kuthibitisha kwamba mmoja wao alikuwa tayari na ndoa nyingine. Kulikuwa na kudai unyumba, yaani kuiomba mahakama imwamuru mwenzako aliyeondoka arudi nyumbani. Na kulikuwa na shauri moja la ajabu kidogo, la kumnyamazisha mtu anayejitangaza mitaani kuwa ni mumeo au mkeo wakati hamjaoana.

Ukishaijua orodha hiyo fupi, mengi yanafunguka. Chukua mke aliyetelekezwa. Kutelekezwa peke yake hakukuwa sababu ya utengano, kwa hiyo wakili wake humshauri afungue shauri la kudai unyumba. Ukilikuta jalada lake leo utadhani unamsoma mwanamke anayemlilia mumewe arudi. Pengine alikuwa hataki hata kumwona. Shauri likiwa linaendelea, mume alilazimika kumpa mkewe matunzo na kubeba gharama za kesi, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Kabla ya tarehe 25 Machi 1754, siku ilipoanza kutumika sheria mpya ya ndoa, kulikuwa na chanzo kingine kikubwa cha ugomvi. Mwanamume na mwanamke wakiambiana tu, "nakuoa sasa hivi", bila kasisi wala kanisa, sheria ya kanisa iliwahesabu wameshafungwa. Ndipo unapokutana na mashauri ambamo msichana anasema tuliahidiana ghalani, mbele ya dada yangu, akanipa pete, na kijana anasema ilikuwa mzaha wa walevi. Mara nyingine madai hayo yanaibuka siku kijana anapotaka kumwoa mwingine. Usiyapite haraka: yakikubaliwa, ndoa ya pili ilikuwa batili na watoto wake ni wa nje.

Talaka kamili, ya kumwezesha mtu kuoa tena, ilihitaji sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya ndoa hiyo moja. Kati ya 1670 na 1857 zilipitishwa kama 325 hivi, na wanawake waliofanikiwa ni wanne tu. Wa kwanza, Jane Addison, alipata yake mwaka 1801, na hata huyo alifanikiwa kwa sababu mumewe alikuwa ametembea na dada wa Jane, jambo ambalo sheria ililihesabu kuwa zinaa ya maharimu. Kama wazee wako hawakuwa matajiri, usipoteze muda kutafuta huko.

Mwaka 1858 ndoa zikahamia mahakama ya serikali. Mume alihitaji kuthibitisha uzinzi wa mkewe, basi. Mke alihitaji uzinzi na jambo jingine zito juu yake: ukatili, kutelekezwa miaka miwili au zaidi, ndoa ya mitala, zinaa ya maharimu. Tofauti hiyo ilidumu hadi 1923. Soma majalada ya miaka ya 1860 ukiwa na hilo kichwani: mke ambaye hakutaja kipigo wala kutelekezwa hakuwa na kesi, hata kama mumewe alikuwa na nyumba nyingine mtaa wa pili na kila mtu anajua. Sisemi vipigo vile ni vya kutunga. Nasema kulikuwa na sababu ya kuvikumbuka vyote, kimoja kimoja, na tarehe zake.

Ufaransa inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Talaka iliruhusiwa tarehe 20 Septemba 1792, tena kwa makubaliano ya wawili au hata kwa kutopatana tabia. Mwaka 1804 ikabanwa, 1816 ikafutwa kabisa, na haikurudi hadi 1884. Ukoo wa Kifaransa wenye talaka tatu katika miaka ya 1790 na hakuna hata moja kwa miaka 68 baada ya 1816 haukubadilika tabia. Marekani nako kila jimbo lilikuwa na lake: South Carolina iliruhusu talaka 1868, ikaifuta 1878, na haikuirudisha mpaka 1949. Wenye nauli walikwenda kwingine. Kuanzia 1931 Nevada ilimpa mgeni haki ya kufungua shauri akishakaa wiki sita tu, kwa hiyo talaka ya mtu aliyeishi na kufa New York inaweza kuwa kwenye masijala ya Reno, maili elfu kadhaa kutoka alikoishi.

Ndani ya kabrasha lenyewe

Taasisi ya Borthwick mjini York ina majalada zaidi ya 14,000 ya mahakama za kanisa za dayosisi ile, ya kuanzia 1300 hadi 1858, na orodha yake inatafutika kwenye mtandao. Ya mahakama ya rufaa ya Canterbury yako maktaba ya Lambeth Palace, London. Ya zamani zaidi yaliungua katika moto mkubwa wa 1666.

Kabrasha zuri lina hati ya madai iliyogawanywa katika ibara, majibu ya mdaiwa, maelezo ya mashahidi, maswali ambayo upande wa pili unataka mashahidi hao waulizwe, na hukumu. Mara nyingi hukumu haimo. Si lazima iwe imepotea: mashauri mengi yaliishia njiani, kwa sababu watu walipatana, au fedha zilikwisha, au mmoja alikufa. Hadi 1733 sehemu rasmi ziliandikwa kwa Kilatini, ila maelezo ya mashahidi, tangu katikati ya karne ya 16 hivi, yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kilatini kisikutishe.

Maelezo ya mashahidi ndiyo hazina. Shahidi hakusimama mbele ya watu. Aliketi faragha na karani, akasomewa ibara moja moja, na karani akaandika jibu kwa namna yake: shahidi huyu asema kwamba, na zaidi ya hapo hana la kusema. Sauti unayoisikia ni ya watu wawili, mmoja wao analipwa kwa kuandika. Hata hivyo pale karani anapofikia matusi huyaacha yalivyo, kwa sababu tusi lenyewe ndilo ushahidi, na hapo ghafla unamsikia mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita akimfokea mkewe jikoni.

Juu ya kila maelezo pana utambulisho wa shahidi: jina, kazi, anakoishi na tangu lini, alikozaliwa, umri, amewafahamu wahusika kwa muda gani. Kwa mtafuta ukoo, mistari hiyo mitano mara nyingi ina thamani kuliko shauri zima. Mjakazi ambaye haonekani kwenye karatasi nyingine yoyote duniani, hapa anatoa kijiji alichozaliwa na nyumba zote alizotumikia. Umri uuchukue kwa tahadhari: watu wa miaka 40, 50 na 60 kamili wanajaa mno kwenye kurasa hizi.

Sheria ya kanisa ilitaka mashahidi wawili kwa kila jambo zito, na kanuni za mwaka 1604 zilikataza kutenganisha watu kwa kukiri kwao peke yake. Ndiyo maana mtumishi anayechungulia kwenye tundu la ufunguo mara nyingi humwita mwenzake naye aje achungulie. Wawili hao wanaeleza kitanda kilivyovurugika, mishumaa ilivyozimwa, viatu vya nani vilikuwa chini. Kusoma kumi mfululizo ni kuanza kuona kwamba wote wanaona vitu vilevile. Mawakili walijua kinachotakiwa, na mashahidi waliandaliwa.

Hapo yanasaidia sana maswali ya upande wa pili, ambayo watu huyaruka kwa kuwa yanachosha. Shahidi anaulizwa: nani amekulipia nauli? Ukilipa madeni yako yote, utabaki na kiasi gani? Uliwahi kufukuzwa kazi na mwenye nyumba hii? Una undugu na mdai? Majibu yake ni ramani ya mtaa mzima, ya nani anakula kwa nani, na mara nyingi ni humo unapogundua kwamba ugomvi wa ndoa ulikuwa tawi la ugomvi wa koo mbili juu ya shamba.

Sauti isiyokuwemo

Mwaka 1836 George Norton alimshtaki Lord Melbourne, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akidai fidia ya ugoni. Mke aliyekuwa akigombaniwa ni Caroline Norton, mwandishi, aliyekuwa ameolewa na George tangu 1827. Kesi ya ugoni ilikuwa ya wanaume wawili: mume anadai, mgoni anadaiwa. Caroline ndiye aliyekuwa anazungumzwa tangu asubuhi hadi usiku, lakini hakuwa mdai wala mdaiwa, hakuwa na wakili, na hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia Melbourne bila hata kutoka ukumbini kujadiliana. Watoto watatu wa kiume walibaki kwa baba, kama sheria ilivyotaka.

Anayesoma kumbukumbu za kesi ile peke yake hatapata neno moja la Caroline. Yako kwingine, katika barua na vijitabu alivyochapisha, na kampeni yake ilichangia sheria ya 1839 iliyompa mama nafasi ya kuomba kukaa na watoto wake walio chini ya miaka 7. Mzee wako wa kike pengine hakuchapisha kijitabu. Lakini swali la kujiuliza ni lilelile: katika aina hii ya kesi, je, aliruhusiwa kusimama? Kama hakuruhusiwa, kimya chake si kukiri.

Kuna na kimya cha kupangwa. Wawili wakikubaliana kuachana, sheria ya Uingereza ya baada ya 1858 iliita hiyo njama na kuwanyima talaka. Kuanzia 1860 alikuwepo mwanasheria wa serikali wa kuzichunguza kesi za namna hiyo, na hukumu ya kwanza ilikuwa ya muda, baadaye ikawekewa miezi sita kabla ya kukamilika, ili mwenye siri aje aitoe. Vilevile mke aliyerudi nyumbani baada ya kupigwa alihesabiwa amesamehe, na dai lake likapungua nguvu. Kwa hiyo majalada yanaonyesha uadui mtupu: hakuna anayekiri kwamba Jumapili iliyopita walikula pamoja mezani na watoto.

Wa kuangaliwa kwa jicho la pili ni mzinzi wa miaka ya 1920 na 1930. Jalada lake ni fupi. Mume alilala hotelini, mji wa pwani, usiku mmoja, na mwanamke asiyejulikana jina. Mhudumu wa vyumba aliwapelekea chai asubuhi na anamtambua kwenye picha. Ushahidi wa namna hii ulikuwa maarufu kwa kutengenezwa. Uzinzi ulikuwa karibu njia pekee ya kutoka mpaka sheria ya 1937 ilipoongeza ukatili, kutelekezwa miaka mitatu na wazimu usiotibika kuwa sababu zinazojitegemea. Mwanamume aliyekubali kuonekana na mhudumu akiwa kitandani huenda alikuwa anamfanyia mkewe hisani ya mwisho.

Majalada haya ya kuanzia 1858 yako Nyaraka za Taifa, Kew. Hadi miaka ya 1920 karibu yote yamehifadhiwa. Ya baada ya 1937 karibu yote yameteketezwa.

Amri moja, karatasi nyingi

Kesi ya Emily na Edmund Jackson inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu inaonyesha ndoa moja inavyotawanyika katika masijala mbalimbali. Walioana Novemba 1887. Daftari la ndoa lina mstari mmoja, hauna ugomvi wowote. Edmund akasafiri kwenda New Zealand; aliporudi, Emily alikataa kuishi naye. Mume akafungua shauri la kudai unyumba, akashinda, na amri ikatoka. Emily hakuitii.

Zamani asiyeitii amri hiyo angefungwa. Sheria ya 1884 ilikuwa imeondoa kifungo na kuweka kwamba kukaidi ni sawa na kutelekeza. Edmund hakuridhika. Jumapili moja ya Machi 1891, Emily akitoka kanisani Clitheroe, mumewe na wenzake walimkamata, wakamtia garini, wakampeleka nyumba moja Blackburn na kumfungia. Ndugu zake walikwenda mahakamani. Mahakama ya chini ilimpa mume haki. Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba mume hana mamlaka ya kumfungia mkewe, na Emily akaachiliwa.

Anayetafuta katika majalada ya talaka atapata amri ya unyumba na kudhani wamerudiana. Anayetafuta katika ripoti za sheria atapata uamuzi mkubwa, bila harusi. Magazeti ya Machi 1891 yana kilio, farasi na umati wa watu barabarani. Tena kumbuka ile sheria ya 1884 ilivyogeuza maana ya madai haya: kwa kuwa kukaidi amri kulihesabiwa kutelekeza bila kusubiri miaka miwili, mke mwenye mume mzinzi aliweza kudai unyumba, akakataliwa, kisha akaunganisha kutelekezwa na uzinzi akapata talaka. Aliyeomba mumewe arudi alikuwa anaomba akatae.

Wasiokuwa na fedha za wakili

Mengi niliyoyataja ni ya watu wenye uwezo. Fukara waligombana pia, ila ugomvi wao umeandikwa na watu waliokuwa wanahesabu gharama. Mume akitoroka, mke na watoto wanakuwa mzigo wa parokia, na parokia inataka kujua ni parokia ipi hasa inayopaswa kuwalisha. Mke anahojiwa chini ya kiapo: uliolewa wapi, mumeo alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani mwaka mzima, aliondoka lini, watoto wana umri gani. Mke alifuata makazi ya kisheria ya mumewe, kwa hiyo maelezo mengi yanamhusu mwanamume ambaye hayupo. Kwa sheria ya uzururaji ya 1824, kukimbia familia ikabaki kwa parokia lilikuwa kosa la kufungwa, na mume huyohuyo anaweza kuonekana kwenye daftari la gereza na urefu wake na rangi ya macho.

Mahakimu wa amani nao waliwafunga waume dhamana ya kutunza amani. Karatasi ni ndogo: jina, kazi, wadhamini wawili, kiasi cha fedha. Kutoka 1878 mahakimu wa kawaida waliweza kumtenga mke na mume aliyetiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya, na sheria ya 1895 ikapanua nafasi hiyo. Kwa mtu wa tabaka la kazi, daftari la hakimu lina matumaini zaidi kuliko masijala ya talaka.

Usiyasahau mashauri ya kashfa. Hadi 1855 mahakama za kanisa zilisikiliza watu waliotukanana, na wengi wao walikuwa wanawake walioitana malaya hadharani. Jina la mume linatajwa pembeni tu, lakini ukimsoma aliyetukana akisema "umenichukulia mume wangu", umepata ugomvi wa ndoa ambao haukuandikwa popote pengine. Na tangazo la gazetini la mume kusema hatalipa madeni ya mkewe aliyetoroka nyumbani nalo lina sheria nyuma yake: mume aliwajibika kwa mahitaji ambayo mkewe alikopa dukani, kwa hiyo alikuwa anawaonya wenye maduka. Tusi lililomo lilikuwa la bure.

Uskoti watu wa kawaida walikuwa na nafuu kidogo. Talaka kwa uzinzi ilitolewa tangu Matengenezo ya kanisa ya 1560, na kwa kutelekezwa miaka minne tangu 1573, kwa mke na mume sawasawa. Zaidi ya hapo, kila parokia ilikuwa na baraza la wazee wa kanisa lililowaita wagomvi, wazinzi na walevi, likawahoji na kuwaweka kwenye kiti cha toba mbele ya waumini. Kumbukumbu za mabaraza hayo zimewekwa mtandaoni tangu 2021. Geneva, baraza la Calvin, kiongozi wa Matengenezo mjini humo, lilikuwa likikaa kila Alhamisi tangu 1542, na wake na waume waliopigana walifikishwa humo wapatanishwe.

Madaftari yasiyosema kitu

Rejista ya ubatizo au ya ndoa haielezi ugomvi, lakini huacha alama. Mtoto wa kwanza kubatizwa kwenye parokia ya wazazi wa mke ni kawaida ya sehemu nyingi. Mtoto wa nne kubatizwa huko, baada ya watatu waliotangulia kubatizwa kwa mume, kunahitaji maelezo. Angalia wasimamizi wa ubatizo: ndugu wa mume wakitoweka ghafla kwenye orodha, kuna jambo. Angalia pengo la miaka sita kati ya watoto, kisha uwatafute jeshini, baharini na gerezani kabla ya kusema walitengana. Na ujue kwamba mtoto wa mwanamke mwenye ndoa kwa kawaida aliandikwa wa mumewe.

Kwa Wakatoliki, mtaguso wa Trento uliamua mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili, na paroko aiandike. Kabla ya ndoa ilitangazwa mara tatu, na aliyekuwa na pingamizi alikuja kulitoa. Wachumba wenye undugu waliomba ruhusa, na faili la ruhusa hiyo huwa na mchoro wa ukoo hadi kwa babu waliyechangia. Tangu Aprili 1908 ndoa ya Mkatoliki huandikwa pia pembeni mwa jina lake kwenye rejista ya ubatizo, popote duniani alikooa. Ndoa ikibatilishwa, nayo huandikwa hapohapo. Anayesoma nakala ya cheti bila kuomba maandishi ya pembeni ameacha nusu ya habari.

Mtego mmoja wa tarehe umewavunjia watu hesabu nyingi. Hadi 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Daftari likionyesha ndoa tarehe 10 Februari 1720 na ubatizo wa mtoto Novemba 1720, macho ya leo yanaona miezi tisa ya heshima. Kwa hesabu yao Novemba ilitangulia, na Februari ile sisi tungeiita ya 1721. Mtoto alibatizwa miezi mitatu kabla ya harusi, na kama wazazi waliitwa mbele ya mahakama ya kanisa, sasa mwito huo unaeleweka. Uskoti ilikuwa imeshahamia tarehe 1 Januari tangu 1600.

Kwa kadhi

Hali ni hiyohiyo kwenye sijili za makadhi wa dola ya Osmani, ambazo za Jerusalem zinaanzia karne ya 16. Humo khului ni nyingi: mke anasamehe mahari yaliyobaki na matumizi ya eda, mume anamwachia, kadhi anaandika kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Talaka za waume ni chache zaidi, na asiyejua fikihi atasema wake ndio walioomba kuondoka. Mume hakuhitaji kadhi kutamka talaka. Khului iliandikwa kwa sababu ilihusu mali, na mali huzaa madai. Hata maridhiano yenyewe hayaelezi shinikizo lililotangulia: mume aliyekataa kutaliki kwa gharama yake aliweza kumchosha mkewe mpaka asamehe kila kitu.

Mke ambaye mumewe amepotea bila kuacha matumizi alikuwa na tatizo jingine, kwani madhehebu ya Kihanafi, yaliyokuwa rasmi, hayakumpa njia rahisi ya kufunguliwa. Kesi yake ikapelekwa kwa naibu wa Kishafii au Kihanbali, akaivunja ndoa, na kadhi wa Kihanafi akaithibitisha. Ukiona jina la kadhi mwingine katikati ya shauri, usidhani ni kosa la mwandishi.

Baada ya shauri

Wachache hufuata wahusika hatua moja mbele, na huko kuna mengi. Sensa ya Uingereza ya 1851 na zilizofuata iliuliza hali ya ndoa, na mwanamke anayejiandika mjane wakati mumewe yuko hai kaunti ya jirani ni mtu wa kawaida kabisa. Mwanamume aliyejiandika kapera kwenye ndoa ya pili atafutwe katika kesi za mitala: tangu 1604 lilikuwa kosa kubwa la jinai, isipokuwa kama mwenzake hakujulikana aliko kwa miaka saba. Kumbukumbu za Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, za 1674 hadi 1913 zinasomeka bure mtandaoni.

Tafuta pia wosia. Hadi Januari 1858 wosia nao ulithibitishwa na mahakama zilezile za kanisa, na waliotengana mara nyingi wanaonekana humo kwa kutotajwa, au kwa "mtunza nyumba wangu" kuachiwa kitanda, vyombo na posho ya mwaka. Ukigombaniwa, mashahidi wanaitwa upya: wanawake wawili, kila mmoja anadai yeye ndiye mjane, na kila mmoja analeta watu waliokuwepo siku ya harusi yake. Marehemu hawezi tena kukana, wala hana wakili. Ni katika makabrasha haya ya mirathi, yaliyoorodheshwa mbali na ya ndoa, ambapo mara nyingine mtu hupata kwa mara ya kwanza tarehe na mahali pa ndoa ambayo hakuna daftari lililoiandika.